Shahidi Ajuaye Kunyamaza

Ushahidi ni mzigo mzito. Mtu akisimama mbele ya wazee, au mbele ya hakimu, akasema, "Nilimwona," neno lake hilo moja laweza kumtia mwenzake kifungoni au kumrudisha nyumbani salama. Kwa sababu hiyo desturi za watu wengi zimemwekea shahidi masharti. Huulizwa alisimama wapi, aliona kwa nuru gani, na kama ana ugomvi wowote na mshitakiwa. Masharti hayo ni mema. Lakini liko sharti moja ambalo aghalabu husahauliwa, nalo ndilo nitakalolizungumza katika insha hii: shahidi ajaribiwe pia kwa jambo lisilokuwapo. Anayesema "nimeona" penye kitu ametimiza nusu tu ya kazi yake. Nusu ya pili ni kunyamaza pasipo kitu.

Nitalieleza jambo hili kwa mfano wa shahidi mdogo mno, asiyeonekana kwa macho, asiye na ulimi, wala asiyemtakia mtu mema au mabaya. Jina lake ni kingamwili. Wengi wenu mmelikuta jina hilo katika somo la biolojia, mkaliandika daftarini, na huenda mkalijibia swali la mtihani. Mimi nililikuta nyumbani kwa shangazi yangu.

Shangazi alikuwa na uvimbe katika titi. Alipopasuliwa, kipande cha uvimbe kilipelekwa maabara, na baada ya siku kadhaa akapewa karatasi ya majibu. Aliniita niisome, kwa kuwa katika jamaa yetu mimi ndiye mwalimu, na katika jamaa nyingi mwalimu hutazamiwa aweze kusoma karatasi ya kila namna. Yalikuwamo maneno mengi magumu, lakini daktari alikuwa amepiga mstari chini ya sehemu moja, iliyosema kwamba uvimbe ulikuwa na kipokezi cha estrojeni. Kwa ajili ya mstari huo aliandikiwa kidonge kiitwacho tamoksifeni, akaambiwa akinywe kila siku kwa muda wa miaka mitano. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hicho kitu wasema ni kidogo hata jicho halikioni. Hao walijuaje kuwa kimo?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Mtu atakayemeza kidonge kila siku kwa miaka mitano anastahili kujua kidonge hicho kimesimama juu ya ushahidi gani. Nilimwahidi kulitafuta jibu, na mengi katika haya niyaandikayo niliyapata katika kulitafuta.

Yafaa kwanza tukijue kitu chenyewe kilichotafutwa. Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, na katika kiini cha karibu kila seli imo DNA, yenye maagizo ya kutengeneza protini za mwili. Maagizo hayo yamegawanyika katika jeni, na jeni za kutengeneza protini zakaribia 20,000. Seli ya jicho na seli ya ini zina maagizo yale yale. Tofauti yao ni kwamba hazisomi kurasa zile zile. Ni kama maktaba mbili zenye vitabu sawasawa, lakini katika moja vitabu vya kilimo ndivyo vifunguliwavyo, na katika nyingine vitabu vya ushonaji. Basi hapana budi awepo mkutubi wa kuamua kitabu gani kifunguliwe leo na kipi kikae rafuni. Katika seli, wakutubi hao ni protini za namna ya pekee. Huishika DNA mahali maalumu, na kwa kushika kwao jeni husika husomwa au huachwa.

Kipokezi cha estrojeni ni mmoja wa wakutubi hao. Estrojeni ni homoni ambayo kwa mwanamke hutengenezwa zaidi katika ovari. Husafiri katika damu, huingia katika seli, na humo hukikuta kipokezi kikingoja, kama ufunguo ukutavyo kufuli lake. Vikiisha kushikana, kipokezi huishika DNA, na jeni kadha wa kadha huanza kusomwa. Katika titi, baadhi ya jeni hizo huziamuru seli zigawanyike. Hilo ni jambo jema kwa msichana anayekua na kwa mama anayejiandaa kunyonyesha. Lakini katika saratani nyingi za titi amri hiyo hiyo huukuza uvimbe. Tamoksifeni ni kama ufunguo wa bandia: waingia katika kufuli lakini hauzunguki, na madhali umo ndani, ule wa kweli haupati nafasi. Ni wazi basi kwamba dawa hii humfaa mgonjwa ambaye uvimbe wake una kipokezi. Asiye nacho atameza vidonge miaka kwa miaka pasipo faida. Na aliye nacho, akiambiwa hana, atakosa msaada uliokuwa karibu na mkono wake.

Habari za kipokezi hiki zilianza kudhihirika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kazi ya Elwood Jensen na wenzake huko Chicago, Marekani. Waliitia estrojeni alama ya hidrojeni nururifu, wakaifuata katika miili ya panya. Wakaona kwamba katika viungo kama mji wa mimba homoni ilishikwa ikabaki, na katika viungo vingine ilipita tu. Palikuwapo basi kitu cha kuishika. Kwa miaka mingi wataalamu walidhani kwamba kitu hicho ni kimoja. Lakini mwaka 1996 kikundi cha Jan-Åke Gustafsson, nchini Uswidi, kilitangaza kwamba kiko kipokezi cha pili. Cha kwanza kikaitwa alfa na cha pili kikaitwa beta. Hivi ni ndugu, lakini si kitu kimoja. Alfa ya binadamu ni mnyororo wa asidi amino 595, na jeni yake imo katika kromosomu ya 6. Beta ina asidi amino 530, na jeni yake imo katika kromosomu ya 14. Hufanana sana katika sehemu ya kuishika DNA, na kwingineko hutofautiana. Mkumbuke ndugu hawa wawili, kwa sababu nitarudi kwao.

Sasa namleta shahidi. Mwaka 1890 Emil von Behring, Mjerumani, na Kitasato Shibasaburo, Mjapani, walieleza huko Berlin kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda au ya dondakoo huwa na kitu cha kuizuia sumu hiyo, na kwamba kitu hicho chaweza kumkinga mnyama mwingine. Baadaye ilijulikana kuwa kitu hicho ni protini, nazo ndizo kingamwili. Umbo lake ni kama panda ya manati: mpini mmoja na mikono miwili. Ncha za mikono hiyo zina umbo la kuingiana na kitu fulani, na kingamwili ya kitu hiki si ya kitu kile. Mwili huzitengeneza ili kuwashika wageni waharibifu. Wanasayansi wakafikiri: ikiwa kingamwili yajua kukitafuta kitu kimoja kati ya maelfu, kwa nini tusiitume itutafutie tunachokitaka?

Ili kuipata kingamwili ya protini fulani, mnyama kama panya au sungura hudungwa protini hiyo au kipande chake, na mwili wake huitengenezea kingamwili. Lakini mnyama hutengeneza za aina nyingi kwa pamoja, naye mwisho hufa. Mwaka 1975, katika mji wa Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waliliondoa tatizo hilo. Walichukua seli ya panya itengenezayo kingamwili, wakaiunganisha na seli ya saratani, ambayo haichoki kugawanyika. Wakapata seli chotara: kutoka kwa mzazi mmoja imerithi kazi ya kutengeneza kingamwili ya aina moja tu, na kutoka kwa mwingine imerithi maisha yasiyokatika. Kwa kazi hiyo walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1984, pamoja na Niels Jerne. Ni jambo la kutafakari kwamba tabia mbaya kupita zote za saratani, yaani kukataa kwake kufa, ndiyo iliyotumiwa kutengeneza chombo cha kuichunguza saratani yenyewe. Mwaka 1980 Geoffrey Greene, Jensen na wenzao walieleza kingamwili za namna hiyo zinazokishika kipokezi cha estrojeni.

Katika maabara kazi huendelea hivi. Kipande cha uvimbe hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, kikabandikwa juu ya kioo. Hutiwa kingamwili, kikaachwa kwa muda, kisha kikaoshwa. Zile zilizoshika hubaki, zisizoshika huenda na maji. Halafu hutiwa kingamwili ya pili, ambayo huishika ile ya kwanza na kuleta rangi ya kahawia. Mtaalamu hutazama kwa hadubini. Penye rangi ya kahawia, shahidi amesema, "Kimo." Pasipo rangi, shahidi amenyamaza.

Hapo ndipo mwenye busara huuliza: je, shahidi aweza kukosea? Aweza sana. Kingamwili haiitazami protini yote. Huishika sehemu ndogo tu, asidi amino chache zenye umbo fulani. Ni kama mtu amtambuaye jirani yake kwa nyuma, kwa leso aliyojifunga. Akiiona leso ile njiani, hupiga kelele, "Mama fulani yule!" Lakini leso huuzwa nyingi za nakshi moja, na huenda aliyeivaa ni mwanamke mwingine kabisa, atokaye mji mwingine. Vivyo hivyo protini mbili zisizo na udugu zaweza kuwa na kipembe kimoja kinachofanana, na kingamwili ikaishika hii kwa kudhani ni ile. Rangi ya kahawia itatokea, nzuri na wazi, nayo itakuwa imesema lisilo kweli.

Kazi yangu ni kufundisha walimu watarajiwa katika chuo cha ualimu, na katika kazi hiyo nimeshuhudia jambo linaloeleza tatizo hili kuliko kitabu chochote nilichosoma. Siku moja nilikwenda kumtazama mmoja wa wanafunzi wangu akifanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi. Alifundisha sehemu katika hesabu, akafundisha kwa bidii, na kila baada ya mfano aligeuka akauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima liliitika kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Kijana akafurahi, akaandika katika kitabu chake cha maandalio kwamba lengo la somo limefikiwa. Kabla hatujatoka nilimwomba ruhusa, nikasimama mbele ya watoto nikasema, "Na ile habari ya mstari wa Ikweta aliyowaeleza mwalimu asubuhi hii, mmeielewa?" Mwalimu hakuwa ametaja Ikweta hata kidogo. Darasa zima likaitika, "Ndiyo, mwalimu!"

Hatukucheka mbele ya watoto, kwa kuwa hawakuwa na kosa. Wamezoezwa kuitika, wakaitika. Lakini tulipokaa chini ya mti kuzungumzia somo, yule kijana hakuhitaji kuelezwa mengi. Aliona mwenyewe kwamba ile "ndiyo" ya kwanza, iliyomfurahisha, haikuwa na uzito wowote. Haikuwa lazima iwe uwongo. Pengine watoto wengi walikuwa wameelewa kweli. Lakini kwa kuwa "ndiyo" hutoka palipoeleweka na pasipoeleweka, haiwezi kututenganishia mambo hayo mawili. Jibu lisiloweza kuwa "hapana" si jibu.

Kingamwili nayo yapaswa kuulizwa habari ya Ikweta. Njia ni hii: itafutwe seli ambayo kwa hakika haina protini ile, ama kwa maumbile yake, ama kwa kuwa jeni yake imekatwa kwa makusudi, kama iwezekanavyo kwa njia za siku hizi. Seli hiyo itiwe kingamwili ile ile, kwa kipimo kile kile, ioshwe kwa maji yale yale. Ikibaki bila rangi, shahidi ni mkweli. Ikigeuka kahawia, shahidi ni wa kuitika tu. Kisha ichukuliwe seli nyingine ambayo kwa hakika ina protini ile, kwa sababu yuko pia shahidi anyamazaye siku zote, naye hana faida zaidi ya yule asemaye siku zote.

Sasa narudi kwa wale ndugu wawili. Beta ilipogunduliwa mwaka 1996 iliamsha matumaini makubwa. Ikiwa alfa huiamuru seli ya titi igawanyike, je, ndugu yake huongeza amri hiyo au huipunguza? Je, yaweza kuwa mlango wa dawa mpya? Kampuni zikatengeneza kingamwili zilizosemekana kuishika beta, zikatiwa katika vichupa, zikabandikwa majina, na watafiti wa nchi nyingi wakazinunua. Makala nyingi zikaandikwa. Wengine waliiona beta katika saratani ya titi, wengine hawakuiona. Wengine walisema wingi wake ni dalili ya heri kwa mgonjwa, wengine walisema ni dalili ya shari. Kila mmoja alikuwa na picha zake zenye rangi ya kahawia.

Mwaka 2017 kikundi cha wataalamu wa Uswidi, wakiwamo Anna Asplund na Cecilia Williams, kilichapisha matokeo ya uchunguzi mpana. Walikusanya kingamwili 13 zilizodaiwa kuishika beta, wakaziweka zote katika mizani moja. Walizijaribu katika seli zisizo na beta, na katika seli zilizotiwa jeni ya beta kwa makusudi. Wakalinganisha pia na tishu ambamo jeni hiyo husomwa na ambamo haisomwi. Zile nyingine zilishindwa kwa njia mbalimbali. Moja tu, itambulikanayo kwa jina la PPZ0506, ndiyo iliyothibitika: ilisema penye beta, na pasipo beta ilinyamaza. Kwa shahidi huyo mmoja walizichunguza tishu za binadamu upya. Waliiona beta katika korodani na katika ovari, na mahali pengine pachache. Lakini katika titi zima, na katika saratani za titi walizozipima, hawakuiona.

Wanafunzi wangu, tafakarini uzito wa jambo hili. Kutoka mwaka 1996 mpaka mwaka 2017 ni miaka 21. Katika muda huo watu wenye elimu, wenye bidii na wenye nia njema walitumia fedha, na vipande vya miili ya wagonjwa waliokubali visaidie utafiti, kuieleza tabia ya kitu mahali ambapo huenda hakikuwapo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Walisema kweli, kwa kuwa mwongo ni mtu, na mtu hufuatwa, huulizwa, na mwisho hunaswa kwa maneno yake mwenyewe. Lakini uwongo usio na mwongo njia yake yaweza kuwa ndefu sana. Hapa hapakuwa na wa kumshuku. Kingamwili haikuwa na hila, na aliyeitumia hakuwa na hila. Alisoma jina lililobandikwa kwenye kichupa akaliamini. Mwaka 2015 Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, pamoja na wenzao zaidi ya 100, walikuwa wamekwisha kuonya katika jarida la Nature kwamba kingamwili nyingi za utafiti hazijulikani sawasawa, na kwamba fedha nyingi hupotea kwa sababu yake.

Wala haitoshi shahidi awe mwema. Hana budi pia kuulizwa ipasavyo. Katika jimbo la Newfoundland and Labrador, nchini Kanada, vipimo vya kipokezi cha estrojeni vilivyofanywa kati ya mwaka 1997 na mwaka 2005 vilikuja kutiliwa shaka. Vipande vya wagonjwa wengi vilipelekwa Toronto kupimwa upya, na zaidi ya wagonjwa 300 wakapatikana kuwa majibu yao ya kwanza hayakuwa sahihi. Wengi wao walikuwa wameambiwa kwamba uvimbe wao hauna kipokezi, na kwa hiyo hawakupewa dawa ambayo ingeweza kuwasaidia. Na baadhi walikuwa wamekwisha kufariki. Tume iliyoongozwa na Jaji Margaret Cameron ilitoa taarifa yake mwaka 2009, ikaonyesha jinsi maabara ilivyokosa uangalizi mwema na taratibu za kuhakikisha ubora wa vipimo. Hapo ubaya haukuwa wa kingamwili pekee. Kipande kisipohifadhiwa vizuri, au kazi isipofanywa kwa utaratibu, hata shahidi mkweli hunyamazishwa. Na kunyamaza kwake, pasipo kipande cha kulinganishia, hakuna awezaye kujua kama ni kwa sababu kitu hakimo au kwa sababu kinywa kimezibwa.

Nilipokwisha kuyapata haya nilikwenda kwa shangazi nikamweleza, si kwa maneno ya maabara, bali kwa habari ya leso na habari ya watoto wa darasa lile. Nilimwambia kwamba kingamwili za kuitafuta alfa, ndizo zilizotumiwa kwake, zimejaribiwa kwa miongo mingi na kulinganishwa na hali za wagonjwa waliotibiwa, na kwamba maabara ifanyayo kazi yake vema huweka kando ya kipande cha mgonjwa vipande viwili vingine: kimoja kijulikanacho kuwa na kipokezi, na kimoja kijulikanacho kuwa hakina. Aliwaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hicho kisicho na kitu ndicho kinitiacho moyo." Sijapata kusikia maelezo mafupi na kamili kuliko hayo, wala sidhani kama katika chuo chetu tungeyapata. Siku ya kliniki alimwuliza daktari wake kuhusu vipande hivyo viwili, na daktari, kwa hisani yake, alimjibu bila kuudhika.

Katika nchi yetu saratani ya titi ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanawake kwa wingi. Wengi wenu mtaona karatasi kama ile katika nyumba zenu, na baadhi yenu, kwa bidii yenu, mtakuja kuwa ndio wenye kuzitoa. Yule atakayekaa nyuma ya hadubini siku moja asidhani kwamba kile kioo kisicho na rangi, kilichowekwa kando, ni kazi ya bure au hasara ya dawa. Hicho ndicho kinachoupa uzito kile chenye rangi. Katika siku ya haraka, siku ambayo vipande ni vingi na mikono ni michache, kitakuwa cha kwanza kutakiwa kiachwe. Asikubali kukiacha.

Na hata asiyekusudia kuingia maabara ana fungu lake katika somo hili. Mbwa abwekaye usiku kucha halindi boma, kwa maana mwenye boma hawezi kujua ni saa ngapi mwizi amefika. Mganga aonaye uchawi katika kila ugonjwa hajaona ugonjwa hata mmoja. Rafiki asifuye kila insha unayomwonyesha hajakusaidia kuandika. Habari zienezwazo kwa simu, zisemazo daima kile ambacho msomaji alitaka kusikia, ni "ndiyo, mwalimu" ya watu wazima. Kwa kila mmoja wa hawa swali ni lile lile, nalo ni rahisi: je, amewahi kusema hapana? Wapi, na juu ya nini?

Kuuliza hivyo si utovu wa heshima. Tumelelewa kutowahoji wakubwa ovyo, na malezi hayo yana wema wake. Lakini kumwomba shahidi ajaribiwe si kumwita mwongo. Ni kumpa nafasi ya kuaminiwa kwa haki, kama ile kingamwili moja kati ya 13 ilivyopewa nafasi hiyo, ikaitumia.